Christopher Tin na sikio la Mswahili

Huenda hakuna wimbo wa kwaya wa Kiswahili unaoimbwa na watu wengi wasiojua Kiswahili kuliko "Baba Yetu". Unaimbwa na kwaya za shule Marekani, kwaya za vyuo barani Asia, kwaya za mitaa Ulaya. Mtunzi wake, Christopher Tin, ni Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1976, mtoto wa wazazi waliohamia huko kutoka Hong Kong, na wimbo wenyewe aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Habari hiyo tumeizoea. Jina lake likitajwa huku kwetu, watu hufurahi kwamba lugha yetu imefika mbali, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nadhani kwa kufanya hivyo tunamnyima haki yake. Tin ametunga kazi kubwa za sauti na okestra kwa miaka 20 sasa, na amekabidhiwa jambo ambalo watunzi wachache sana hukabidhiwa: kuandika upya mwisho wa opera ya Mwitaliano Puccini. Mtu wa kiwango hicho hapongezwi tu, anasikilizwa na kupimwa. Sisi tunaozungumza lugha iliyompa jina tuna sikio ambalo wakosoaji wa London na New York hawana. Nami nikimsikiliza kwa sikio hilo, kutoka 2005 hadi leo, nasikia safari iliyo wazi. Alianza kwa kuzitumia lugha kama sauti tamu, na polepole akajifunza kuzitumikia kama maneno yenye maana. Kazi yake bora si ile ya Kiswahili, na sababu za kuwa hivyo zinatuhusu sisi kuliko zinavyomhusu yeye.

Turudi mwanzo. Tin alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, akichukua fasihi ya Kiingereza pamoja na utunzi wa muziki, kisha akaenda London katika Chuo cha Kifalme cha Muziki kwa ufadhili wa Fulbright. Hayo mawili, fasihi na utunzi, tuyaweke akilini, maana baadaye ndiyo yatakayomwokoa. Stanford alikaa chumba kimoja na Soren Johnson, kijana aliyekuja kuwa msanifu mkuu wa mchezo wa Civilization IV katika kampuni ya Firaxis. Walipokutana tena baada ya masomo, Johnson alimwomba amtungie muziki wa kufungulia mchezo huo. Mchezo ni wa kujenga himaya tangu enzi za mawe hadi zama za anga, na muziki ulihitaji kumfanya mchezaji ajisikie mbele ya historia nzima ya binadamu. Tin alichagua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, maneno yakapangwa na Chris Kiagiri, na sauti zikatoka kwa Talisman, kundi la wanafunzi wa Stanford waimbao bila ala ambao walikuwa wamejijengea jina kwa nyimbo za Afrika na za Waafrika wa ng'ambo.

Mchezo ulitoka Oktoba 2005. Dunia inazunguka polepole kwenye kioo, mwimbishaji anaanza peke yake, kwaya inamjibu, ngoma zinaingia, nyuzi zinapanda. Wachezaji waliandika kwamba walikuwa wanaacha kuanza mchezo ili wausikilize wimbo hadi mwisho. Baadaye Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, akauweka wa kwanza katika albamu yake Calling All Dawns ya 2009. Februari 2011 ukapata Tuzo ya Grammy kwa upangaji wa ala zinazosindikiza sauti, ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kushinda tuzo hiyo. Albamu nayo ikashinda katika kundi la muziki wa klasiki unaochanganyika na mitindo mingine.

Kabla sijasema linalonisumbua, niseme linalonifurahisha. Sala hii kwetu huombwa kwa sauti ya chini, mkutano mzima ukitembea pamoja neno kwa neno, kichwa kimeinamishwa. Tin aliinua kichwa. Aliisikia kama sala ya watu wanaosimama na kucheza, na furaha hiyo ni ya kweli, haikubandikwa. Kiitikio chake kinaimbika mara ya kwanza mtu anapokisikia, na hilo ni jambo gumu kuliko mengi yanayofundishwa vyuoni.

Lakini sikiliza maneno. Katika sala yenyewe tunasema "utupe leo chakula chetu tunachohitaji", tunavuta pumzi, ndipo tunaomba "utusamehe makosa yetu". Katika wimbo, mstari wa muziki unakatika kwenye "chakula chetu". Neno "tunachohitaji" linasukumwa mstari unaofuata, linaungana na "utusamehe", na pumzi inakuja hapo. Anayejua Kiswahili anasikia kwamba tunachohitaji ni kusamehewa. "Makosa yetu" yanabaki peke yake upande wa pili. Inajirudia mbele: "waliotukosea" inashikana na "usitutie", kisha "katika majaribu" inavutana na "lakini", na "utuokoe" inaanza upya. Mwanzoni kabisa, kabla hata sala haijaomba chochote, tayari tumeshaimba "amina". Ombi la ufalme kuja, ambalo katika sala hutangulia ombi la chakula, linakuja baadaye.

Chanzo chake si uzembe. Tin alipata kwanza mahadhi yenye vipande vinavyolingana urefu, vipande vya kuitana na kuitikiana, na vishazi vya sala havilingani urefu. Ilibidi kimoja kikubali kukatwa, na kilichokatwa ni sentensi. Kwa mwimbaji wa Tokyo au Texas hakuna kilichoharibika, kwa sababu kwake kila silabi ina uzito sawa na mwenzake. Kiswahili kwake ni irabu tano zilizo wazi na konsonanti laini, lugha inayofungua koo. Walimu wa kwaya huipenda kwa sababu hiyohiyo inayowafanya wapende Kilatini na Kiitaliano.

Mtu anaweza kunijibu kwamba muziki una haki ya kuvunja sentensi, na kwamba mtunzi wa zamani Handel alirudia neno moja kurasa nzima. Kweli. Kwaya zetu pia hurudia, hugawa neno kati ya sauti ya kwanza na besi, hurusha kiitikio huku na huku. Lakini mtunzi anayerudia huku anajua anarudia nini. Wako watunzi wa siku hizi walioamua kwamba neno ndilo litawale kabisa. Arvo Pärt wa Estonia, katika kazi yake ya 1982 juu ya mateso ya Kristo kwa mujibu wa Yohane, aliacha urefu wa maneno na alama za kuacha pumzi zipange muziki wenyewe. Hapo maana haikatiki kamwe, hata kama msikilizaji atachoka. Sidai Tin awe Pärt. Nasema tu kwamba kati ya muziki na maneno kuna mapatano ya kufanywa, na katika "Baba Yetu" mapatano hayo yalifanywa upande mmoja ukiwa haupo mezani.

Tuna mifano ya nyumbani ya kupimia. Wimbo wa Taifa wa Kenya ulitengenezwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, na mahadhi yake yanatokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa karibu, na ndiyo maana maneno ya Kiswahili yaliukalia muziki ule bila kusuguana: palipo na mkazo katika neno, mara nyingi muziki nao umeegemea hapo. Tanzania tulichukua mahadhi ya Enoch Sontonga ya 1897, yaliyotungwa kwa Kixhosa, lugha nyingine ya Kibantu ambayo nayo huipa uzito silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo hizo mbili hazikutungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, lakini zilitungwa ndani ya ukoo wake, na ukoo huo unasikika.

"Baba Yetu" nayo ina Afrika ndani yake, ila ni Afrika ya kusini. Ule mpangilio wa sauti za wanaume chini, kitikio kizito cha pamoja, mwimbishaji anayepaa juu yao, ni urithi wa kwaya za Afrika Kusini, ambazo ulimwengu ulizifahamu kupitia safari zao na rekodi zao. Pwani ya Afrika Mashariki haimo. Hamna mwendo wa kasida, hamna mikunjo ya sauti ya taarabu, hamna hata kwaya ya Kilutheri ya Usambara. Sioni kosa kwa mtunzi kupenda anachopenda. Ninachokiona ni kwamba maneno yalitoka kwetu na muziki ukatoka kwingine, na wasikilizaji wengi duniani wanadhani vyote vimetoka mahali pamoja.

Albamu ile ya 2009 ilikuwa na nyimbo 12 katika lugha 12: baada ya Kiswahili kilikuja Kijapani, Kichina, Kireno, Kifaransa, Kilatini, Kiayalandi, Kipolandi, Kiebrania, Kiajemi, Kisanskriti na Kimaori. Zimepangwa kama mzunguko wa mchana, usiku na mapambazuko, na wimbo wa mwisho unarudi kuushika wa kwanza. Kama ujenzi wa muziki ni kazi nzuri sana, na mtu anayeisikiliza bila kukatiza anahisi mkono wa mjenzi. Lakini lugha zinapita kama mandhari zinavyopita nje ya dirisha la treni. Kila moja ina dakika zake chache, inaonyesha uzuri wake, inaondoka. Hakuna hata moja inayopewa nafasi ya kubishana na mtunzi.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nianze kumsikiliza kwa makini. The Drop That Contained the Sea ilizinduliwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Aprili 2014. Mada ni maji, na nyimbo zinafuata safari ya maji kutoka thelujini, mtoni, baharini hadi mawinguni. Ya kwanza inaimbwa katika lugha-mama ya kale ambayo wanaisimu wameijenga upya kwa kulinganisha lugha za Ulaya na India, lugha ambayo hakuna mtu aliye hai anayeizungumza. Ya mwisho inaitwa "Waloyo Yamoni", na maneno yake ni maombi ya mvua ya Walango wa kaskazini mwa Uganda, majirani wa Waacholi, wazungumzaji wa lugha ya jamii ya Kijaluo.

Mtu akiniuliza Tin aliingia lini Afrika kwa kweli, nitamjibu ni hapa, si kwenye "Baba Yetu". Maombi ya Kilango ya mvua kwa asili yake ni maombi ya kuitana: mmoja anatamka, wengine wanaitikia, tunaushinda upepo, tunaushinda upepo. Mistari ni mifupi, inajirudia, na kila mstari umekamilika. Umbo la maneno na umbo la kwaya ni kitu kimoja. Mtunzi hana haja ya kukata sentensi ili itoshe muziki, kwa sababu wazee waliokuwa wakiomba mvua walishaikata zamani, kwa kipimo cha pumzi ya mwanadamu. Tin alichofanya ni kuliacha umbo hilo likue. Linaanza na watu wachache, linaongezeka, okestra inaingia chini yake kama wingu linalojaa, na linafika kwenye kilele ambacho limekifikia kwa haki. Ni wimbo mrefu kuliko "Baba Yetu" na hauchoshi. Nashangaa kwamba Uganda na majirani zake tunautaja kwa nadra sana. Kama kuna mwalimu wa kwaya anayesoma haya na ana sauti 60 za kutosha, autafute.

To Shiver the Sky ya 2020 nitaipitia haraka. Inahusu binadamu na kuruka angani, kwa maneno ya Leonardo da Vinci, Copernicus, Dante, Jules Verne, Amelia Earhart, Yuri Gagarin na John F. Kennedy miongoni mwa wengine. Wimbo wa kwanza, "Sogno di Volare", nao ulikuwa wa mchezo, Civilization VI ya 2016. Gharama za kurekodi zililipwa na wapenzi wa muziki waliochangishwa mtandaoni, na michango ilipita dola 200,000, kiasi ambacho kazi ya klasiki ilikuwa haijawahi kukipata kwa njia hiyo. Kwa upande wa muziki naiona kazi iliyojaa vilele. Kila wimbo unataka kupaa, na msikilizaji anayepaishwa kila dakika tano anapoteza habari za ardhi iko wapi. Tatizo jingine ni maneno. Hotuba ya Rais Kennedy iliandikwa imshawishi mlipa kodi, na ukiipa okestra nzima haigeuki kuwa ushairi.

Kisha mwaka 2022 ikaja The Lost Birds, na kila kitu kikabadilika.

Kundi kubwa limeondoka. Waimbaji ni VOCES8, sauti 8 tu kutoka Uingereza, wakisindikizwa na nyuzi na ala chache za Royal Philharmonic Orchestra, chini ya Barnaby Smith na Tin mwenyewe. Lugha ni moja, Kiingereza, lugha ya mtunzi mwenyewe. Maneno yanatoka kwa washairi wanne wanawake: Emily Dickinson, Christina Rossetti, Sara Teasdale na Edna St. Vincent Millay. Mada ni ndege waliotoweka duniani kwa mkono wa binadamu. Ilipendekezwa kuwania Grammy, na haikushinda, na bado naiweka juu ya zote zilizoshinda.

Nianze na uteuzi wa washairi, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi wa Stanford anajitokeza. Marekani ya Kaskazini ilikuwa na njiwa wa msafara, ndege waliokadiriwa kuwa mabilioni, waliopita kwa makundi yaliyofunika jua kwa saa nyingi. Waliwindwa kwa bunduki na nyavu, wakasafirishwa sokoni kwa reli, misitu yao ikakatwa. Wa mwisho, jike aliyepewa jina Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Dickinson alizaliwa 1830, wakati makundi yale yangalipo. Teasdale alikuwa na miaka 30 Martha alipokufa. Wanawake hao waliandika juu ya ndege katika miaka ileile ambayo ndege walikuwa wanamalizika, hata pale ambapo wenyewe walikuwa wanaandika juu ya mapenzi, au mauti, au majira ya kuchipua. Tin hakuwaongezea neno. Aliyaweka mashairi yao kwa mpangilio ambao unayafanya yaomboleze kitu kimoja.

Halafu kuna mizani. Mashairi mengi ya Dickinson yanafuata kipimo cha tenzi za kanisani, silabi 8 kisha 6, 8 kisha 6. Kila aliyewahi kuimba kutoka kitabu cha nyimbo za ibada, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote, anacho kipimo hicho mwilini. Tin naye anacho. Kwa hiyo anaandika mahadhi mepesi, karibu ya kitoto, yanayomaliza pumzi pale ambapo ubeti unamaliza wazo. Sauti zinatembea pamoja, nne nne, kama kwaya ndogo ya parokia yenye waimbaji wanaosikilizana. Ukitaka kujua maana ya kishazi fulani, muziki unakuambia: hapa kuna mkato, hapa mshairi anasita, hapa anaogopa kumaliza.

Mahali panaponikamata zaidi ni pale anapoimba shairi la Teasdale la 1918, lililoandikwa vita vikuu vya kwanza vikiwa bado vinachinja watu. Shairi linasema mvua laini zitakuja, mbayuwayu wataruka, vyura wataimba, na hakuna hata mmoja kati yao atakayejali kama wanadamu wameisha. Mtunzi wa 2014 angelipa shairi hilo kwaya ya watu 200. Huyu wa 2022 analiimbisha kwa utulivu usio na ukali wowote, na utulivu huo unatisha. Hofu haikuwekwa juu ya maneno, imeachwa ndani yake ilimokuwa.

Kwa nini hakuweza kufanya hivi kwa Kiswahili? Jibu rahisi ni kwamba hakijui. Jibu hilo ni kweli, ila ni fupi mno. Kilango pia hakijui, na kule alifaulu, kwa kuwa maneno yalikuja na umbo lao la kuimbwa. Kwenye "Baba Yetu" alipewa nathari. Sala ya Bwana katika Kiswahili ni tafsiri ya nathari, nzuri, iliyozoeleka, lakini haina mizani wala vina. Na lugha hii ina ushairi wa karne nyingi ambao wote ulitungwa uimbwe. Utenzi una vipande vinne vya mizani 8, na kila kipande kinabeba wazo lake. Anayeghani hapotezi maana kwa sababu mshairi alihesabu pumzi yake kabla. Laiti mwaka 2005 mtu angemwekea Tin mezani beti za utenzi, mgogoro wa sentensi na mahadhi usingezuka.

Mwaka 2024 Washington National Opera walionyesha opera ya Puccini, Turandot, ikiwa na mwisho mpya waliomwagiza Tin. Puccini alifariki Novemba 1924 kabla hajaimaliza opera hiyo, na ilipofunguliwa Milano mwaka 1926 mwongozaji wa okestra, Toscanini, alishusha fimbo yake pale ambapo mkono wa Puccini uliishia. Mwisho unaozoeleka ni wa mtunzi mwingine, Franco Alfano. Hadithi inahusu binti mfalme wa Uchina ya kubuni, Uchina ya ndoto za Ulaya, na mwisho wake umewasumbua watu kwa miaka mingi kwa sababu moyo wa binti yule mkatili unalainishwa kwa busu la nguvu. Tin, mtoto wa wahamiaji kutoka Hong Kong, akishirikiana na mwandishi Susan Soon He Stanton, alitunga mwisho mpya unaompa Turandot sababu zake mwenyewe. Naona maana kubwa katika hilo. Mtu aliyeanza kwa kuvaa lugha za wengine alikabidhiwa hadithi ambamo wengine walivaa utamaduni wa mababu zake, akaombwa airekebishe. Sijui kama angekuwa tayari kwa kazi hiyo bila wale ndege.

Turudi kwetu, kwa sababu sitaki tubaki watazamaji. Afrika Mashariki haina upungufu wa watunzi wa kwaya. Nota za nyimbo za Kikatoliki zilizotungwa Tanzania na Kenya, kwa solfa na kwa mistari mitano, zinapatikana mtandaoni kwa maelfu. Karibu kila parokia ya mjini ina mwalimu anayeweza kufundisha sauti nne kwa wiki moja. Watunzi hao wanalifahamu neno la Kiswahili kwa ndani. Hawatakata "tunachohitaji" mahali pasipofaa hata usingizini. Kinachowatenganisha na Tin hakiko kooni wala kalamuni.

Tazama jinsi kila hatua ya maisha ya Tin ilivyolipiwa. Mwaka 2005 kampuni ya michezo ilihitaji wimbo. Kazi ya 2014 ilikuwa na ukumbi na waandaaji tayari kuipokea. Ile ya angani ililipiwa na maelfu ya wasikilizaji. Turandot iliagizwa na nyumba ya opera ya taifa kubwa. Mwaka 2025 Civilization VII ilitoka, naye akaombwa tena wimbo mkuu. Kila mara mtu alimwambia: tutakulipa, leta kitu kirefu, una muda. Mtunzi wa kwetu huandika baada ya kazi yake ya mchana, kwa ajili ya Jumapili au ubarikio au mazishi, dakika nne, bila malipo au kwa soda ya shukrani. Kwa masharti hayo mtu hukomaa katika dakika nne. Haandiki kazi ya saa nzima, kwa kuwa hakuna aliyemwomba, na hakuna okestra inayosubiri.

Na maneno ya kazi hiyo ya saa nzima yapo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaomboleza Pate, mji uliokuwa na majumba ya mawe, taa za kioo, na sahani za Kichina zilizopangwa kwenye madaka ya kuta. Mshairi anapita ndani ya magofu na kuona kwamba katika madaka yale yaliyohifadhi sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Weka hilo karibu na kile Tin alichoimba mwaka 2022. Kule ndege wamekwisha na watu wamebaki na hatia. Huku watu wamekwisha na ndege wamerithi nyumba. Mistari ya Al-Inkishafi ina mapumziko yake katikati, ina vina, ina mwendo mzito wa mtu anayetembea mahali patakatifu. Sauti 8 zinatosha. Nyuzi chache, na pengine udi na kanuni, ala ambazo wapigaji wake wapo Zanzibar leo na wanasoma nota.

Agizo moja lingetosha kuanzia: dakika 40, beti 12 au 15, malipo ya mwaka mmoja kwa mtunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Lamu, na kwaya itakayopewa miezi mitatu ya mazoezi. Fedha za namna hiyo tayari zinatumika hapa kila mwaka kwa matamasha ya siku mbili. Vyuo vikuu vyenye idara za muziki, mashirika ya utamaduni, benki zinazodhamini sherehe za lugha, yeyote kati yao angeweza kutia sahihi kesho. Na kazi ikikamilika, nakala ya kwanza ya nota iende California. Tin ataisoma kuliko wengi wetu tutakavyoisoma, maana ameshapita njia hiyo na anajua inavyogharimu.